Kengele Iliyotangulia Mkono

Siku ambayo mdogo wangu Hoza alikuwa anaoa, kengele ya kituo ililia saa mbili asubuhi, mimi nikiwa nimeshapaka hina mguu mmoja. Nilikuwa jikoni, unyayo juu ya stuli, nasubiri zamu yangu iishe nishuke kijijini nikawe dada wa bwana harusi kama madada wengine. Ndipo ikalia. Haikuwa milio mifupi ya majaribio ya kila Jumatatu. Ililia mfululizo mpaka vikombe vikatetemeka kabatini, kisha ikanyamaza.

Mkuu wa kituo, Daktari Elinami Mchomvu, alitoka chumba cha mtambo na mswaki mdomoni. Ni Mpare mrefu, mpole, na ndiye mtu pekee ninayemjua anayekunywa chai bila sukari kwa hiari yake.

"Umeisikia?" aliniuliza.

"Daktari, hiyo hata marehemu wameisikia."

"Nani kabonyeza?"

"Bado," nikamjibu. "Hajabonyeza bado."

Tukatazamana. Povu la dawa ya meno likamdondokea kwenye shati na wala hakujifuta.

Hapa lazima nieleze, maana watu wengi wanadhani mkono hutangulia na mlio ukafuata. Kwetu Kwemzizi ni kinyume. Kituoni, chumba cha ndani, kuna jokofu la baridi kali mno, na ndani yake kuna fuwele inayozaa chembe za mwanga, pacha kwa pacha. Pacha mmoja anapimwa papo hapo asubuhi. Mwenzake anatumwa akazunguke ndani ya uzi wa kioo uliosokotwa kwenye pipa, azunguke tu huko mpaka jioni. Barazani, nje, kuna kitufe chekundu. Kikibonyezwa, yule aliyecheleweshwa anapimwa kwa namna nyingine, na pacha wake wa asubuhi anakuwa ameshafuata namna hiyo hiyo, saa nyingi kabla ya kitufe kuguswa, na hapo hapo asubuhi kengele inalia. Walimu wetu chuoni walituambia huwezi kuusoma ufuasi huo mpaka uwe na pacha wote wawili mkononi. Ni kweli kwa fuwele nyingine zote. Yetu ina ufa mdogo, na kupitia ufa huo mambo ya jioni yanavuja mpaka asubuhi. Hakuna anayejua kwa nini. Daktari ameshachunguza ufa ule mpaka macho yamemwingia ndani.

Kwa hiyo kengele ikilia asubuhi, maana yake kabla jua halijazama kuna mtu atabonyeza kitufe. Na kitufe kina sheria moja tu: kinabonyezwa mlima ukishaanguka, si kabla. Ndiyo sababu tulikiweka nje, chini ya kibati, na kuchora picha ya kengele juu yake, ili yeyote atakayeuona udongo ukishuka, mtoto au mlevi, abonyeze bila kuomba ruhusa. Hatuidanganyi asubuhi. Sheria hiyo niliiandika mimi mwenyewe.

Mlima wenyewe ni Mbogoi, uliokiinamia kijiji chetu tangu enzi. Nilipokuwa darasa la nne, kipande chake kilishuka mvua za masika kikamchukua mama yangu mdogo na jiko lake. Kwa ajili yake nilisomea fizikia, na kwa ajili yake nikakubali kukaa juu ya mwamba huu wenye baridi. Na mwaka huu mvua ilikuwa imenyesha majuma mawili bila kupumzika.

Nikaufunga mguu wa hina kwa mfuko wa plastiki na kushuka mbio.

*

Nyumbani kwa Hoza walikuwa wameshawasha mafiga. Kijiji kizima kilikuwa kimealikwa, na jikoni alikuwa ameshika usukani shangazi yetu, Mwanshamba, aliyekuja kutoka Tanga mjini anakoishi na mwanawe Twaha. Shangazi hajui kitu nusu nusu. Akishika mwiko, hata waliozaliwa jikoni wanarudi nyuma.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Huo mguu vipi?"

"Shangazi, mlima unaanguka leo."

Akainua macho akautazama. "Mbona umesimama."

"Utaanguka baadaye. Kengele imelia."

"Nani kaipiga?"

"Hatujui. Ataipiga jioni."

Shangazi aliweka mwiko chini taratibu, akanifuta jasho la uso kwa ncha ya khanga yake. "Mwajabu, mwanangu," alisema kwa huruma, "umekula?"

Sikuwa na muda wa kubishana. Nilimwomba imamu kipaza sauti cha msikiti, naye akanipa bila neno, maana nyumba yake ndiyo ya kwanza chini ya Mbogoi. Watu wa Kwemzizi wanaijua kengele. Mikutano tumefanya mpaka wameichoka. Lakini kuijua ni jambo moja, na kuacha nyama iliyokwisha katwa siku ya harusi ni jambo lingine. Niliwasikia wakinung'unika mpaka kule juu kwenye mnara. Ndipo nikasema maneno ambayo sikuyapanga.

"Mimi ni mtoto wenu," nilisema. "Pandeni kituoni, kule ni mwamba mtupu. Pandisheni sufuria, pandisheni wazee, na harusi tutaifanyia huko huko. Jua likizama mlima ukiwa umesimama, basi kuanzia kesho nikija kwenu nikapiga hodi, msiniitikie."

Kwetu hilo si neno la mzaha. Unaweza kumgombeza mtu, ukamnyima mke, ukamshtaki kwa mjumbe, lakini akipiga hodi unamwitikia. Asiyeitikiwa hodi hana mahali pa kusimama duniani. Nadhani hilo ndilo lililowapandisha, wala si fizikia.

Wakapanda. Nimeona misafara mingi, ila ule hauna mfano. Mchele uliolowekwa ulipanda kichwani. Bibi mmoja alibebwa kwenye kiti cha plastiki kama malkia, akitoa maelekezo. Mzee Shebila, mkulima wa maharage asiyecheka ovyo, yeye hakubeba nguo wala redio. Aling'oa mlango wake wa mninga kwenye bawaba akaubeba mgongoni, maana, alisema, bati linanunulika, lakini mlango ule ulirandwa marehemu mkewe akiwa amesimama pembeni akichagua ubao.

Shangazi alipita mwisho, kabeba mwiko, amenuna. "Huko kwenu kwa wasomi kuna kuni?" aliniuliza.

"Kuna jiko la umeme, shangazi."

"Pilau la umeme," alisema, na hakunisemesha tena njia nzima.

*

Nitakuwa mwongo nikisema harusi iliharibika. Ndoa ilifungwa ndani ya banda tunalohifadhia droni za kupimia mvua. Imamu aliketi juu ya kasha la vipuri, Hoza akiwa mbele yake na kanzu yenye tope mpaka magotini. Upande wa bibi harusi, wanaotoka ng'ambo ya bonde, walifika mwambani moja kwa moja na kukuta mandhari ambayo walisema hata hoteli haina. Bibi harusi mwenyewe, Nuru, alikuwa bado ndani ya chumba changu akipambwa. Mvua ikakatika adhuhuri na jua likatoka. Mzee Shebila aliegemeza mlango wake kwenye ukuta wa baraza akakaa chini yake kivulini, na kila aliyepita alimtania kwa kumpigia hodi, naye akajibu, "Karibu, pangusa miguu."

Mimi na Daktari tulibaki ndani, chumba cha mtambo, macho kwenye vipima-mteremko. Mlango wa chumba kile ni mnene, wa kuzuia baridi na kelele, na mtambo wenyewe unavuma. Nje kungeweza kupigwa ngoma usisikie.

Alasiri ikaingia. Mbogoi umesimama. Kupitia kidirisha niliona mapaa ya kijiji chetu yakimetameta chini, yote mazima, na watu barazani wameanza kuyatazama, kisha wananitazama dirishani.

"Daktari," nikasema, "usipoanguka?"

"Basi mtu atabonyeza kwa sababu nyingine."

"Sababu gani? Mimi sibonyezi. Wewe utabonyeza?"

"Sibonyezi."

"Na wanakijiji wote wanaijua sheria. Sasa?"

Alizungusha kikombe chake mezani. "Kuna kitu nilikuwa nataka kukiona tangu nikiwa mwanafunzi," alisema. "Tokeo lisilokuwa na chanzo. Unajua, ukiitazama chembe mojamoja, sheria zake hazina mbele wala nyuma. Jana na kesho kwake ni sawa. Ni sisi tu, tuliojazana, ndio tunaelekea upande mmoja, kama maziwa yakishamiminwa kwenye chai. Nimekuwa nikijiuliza, asubuhi ikishapokea, jioni ina uhuru wa kukataa?"

"Kwa hiyo unafurahi."

"Naogopa pia."

"Wewe una jaribio, Daktari. Mimi nina watu."

Nilikuwa na hasira za kutosha wawili. Nilifikiria kutoka nikabonyeze mwenyewe, yaishe. Lakini nikibonyeza mlima ukiwa umesimama, mimi ndiye niliyewaondoa watu majumbani mwao bure. Mkono huu huu ndio unakuwa chanzo cha kero yote ile. Nisipobonyeza, sijui asubuhi yetu itasimama juu ya nini. Na kwa vyovyote vile, kesho nani atapanda tena kengele ikilia? Siku mlima utakapoanguka kweli watabaki chini wakisema, ah, ni ile ya Mwajabu.

Nitasema na la aibu. Nilijikuta nauombea mlima uanguke. Nilikuwa nalitazama paa la imamu, na la Mzee Shebila, na la nyumba aliyoijenga Hoza kwa miaka mitatu tofali kwa tofali, na moyoni nasema, anguka basi, anguka nionekane mkweli. Niliposikia moyo wangu unasema hivyo nilishtuka. Mimi niliyesomea yote haya kwa ajili ya mtu aliyefukiwa na udongo ule ule.

Nikasimama.

"Unakwenda wapi?" Daktari akaniuliza.

"Kuwaambia."

"Kuwaambia nini?"

"Kwamba sijui. Warudi kwao."

Sikufika mlangoni. Taa nyekundu juu ya jokofu iliwaka. Kitufe cha barazani kilikuwa kimebonyezwa.

Tulikimbilia kidirishani sote wawili tukagongana vichwa. Mbogoi ulikuwa umesimama vilevile, kijani, umeoga, hauna hata mkwaruzo. Tukautupa mlango wazi na kutoka.

Barazani alisimama shangazi Mwanshamba. Mikono yote miwili imeshika sinia la pilau lililofunikwa kawa, na kiwiko chake cha kulia bado kiko juu ya kitufe.

"Hatimaye," alisema. "Nimepiga hodi mara tatu mpaka koo limenikauka. Tangu asubuhi mko humo hamjatia kitu tumboni, na yote kwa sababu ya hiyo kengele yenu. Nikasema niwaletee kabla halijaisha. Mbona hamuitikii?"

"Shangazi," nilisema, "umebonyeza nini?"

"Si kengele ya mlangoni? Kwa Twaha pale mjini iko hivi hivi, getini, na picha yake. Mtu asipoitikia hodi unabonyeza."

Hakuwahi kuhudhuria mkutano hata mmoja. Alikuwa na siku mbili tu tangu aje, na mimi, mwandishi wa sheria, sikukumbuka kumwambia.

"Mlango haukufungwa, shangazi. Ungesukuma tu ukaingia."

Akanitazama kama niliyemtukana mama yake. "Niingie kwa watu sijaitikiwa? Mimi mbuzi?"

Daktari Elinami aliketi chini palepale, juu ya saruji, akacheka mpaka miwani ikamvuka. Nilitaka kumpiga teke kwa mguu wenye hina.

"Ametuletea chakula kwa sababu kengele ililia," alisema alipopata pumzi. "Na kengele ililia kwa sababu ametuletea chakula. Lizungushe utakavyo, Mwajabu, huoni lilipoanzia. Halina mwanzo."

"Lina mwanzo," alisema shangazi. "Mlikuwa na njaa."

*

Ningeweza kunyamaza. Nakiri wazo lilinijia, na lilikuja limevaa vizuri. Jua lilikuwa bado halijazama. Ningewaambia hatari ipo mpaka kesho, walale mwambani, halafu tungetafuta maneno. Hakuna aliyemwona shangazi isipokuwa Mzee Shebila, na yeye alikuwa amesinzia chini ya mlango wake.

"Ukisema kweli hawatapanda tena," Daktari aliniambia taratibu. Safari hii hakuwa anacheka. "Sikushauri. Nakwambia tu uamue ukijua."

"Na nikisema uongo watapanda?"

"Watapanda."

Nilifikiri njia nzima kutoka baraza mpaka kwenye jukwaa la harusi, nayo ni fupi. Kama kengele itawapandisha watu kwa uongo wangu, basi siku moja itawabakiza chini kwa uongo wa mwingine. Na kusema kweli sikufika mbali hivyo kwenye hoja. Niliwaona tu wananitazama, watu walionilea, na ulimi ukakataa.

Nikamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti.

"Mlima haukuanguka," nikasema. "Kengele ya asubuhi ilitokana na kitufe kilichobonyezwa sasa hivi kwa makosa. Kosa ni langu, mimi ndiye niliyepaswa kumwelekeza kila mgeni na sikufanya hivyo. Mko huru kurudi makwenu. Na lile neno langu la hodi, nimelikubali."

Shangazi akasimama katikati ya wanawake, mrefu kama alivyo. "Ni mimi niliyebonyeza," alisema. "Kwa kiwiko. Anayetaka kusema aniseme mimi, huyu mtoto mwacheni."

Nilisikia mafuta yakichemka mahali. Hoza alikuwa ananitazama, na sikuweza kumtazama. Kisha Mzee Shebila, ambaye kumbe hakuwa amelala, alijikohoza.

"Mimi mlango wangu nimeupandisha na mgongo huu," alisema. "Siushushi kabla sijala."

Mtu mmoja akacheka, halafu wengine. Upande wa bibi harusi wakasema wao hawakuvuka bonde kuja kuuangalia mlima, wamekuja kumtoa mtoto wao, na mtoto bado hajatoka. Hilo nalo lilikuwa kweli; nani anaondoka shughulini kabla bibi harusi hajatolewa nje? Sinia zikaanza kupita. Hakuna aliyenisamehe kwa mdomo, ila shangazi yangu aliniwekea mnofu wa paja, na nikaula nikilia kidogo, kwa aibu na kwa njaa, na pia kwa nafuu kubwa iliyonishangaza mwenyewe. Pilau la umeme lilikuwa tamu.

Daktari aliuchukua mlango wa Mzee Shebila, kwa ruhusa yake, akauegemeza juu ya kitufe, hodi nyingine isije ikatukuta.

Nuru alitoka jua likielekea kuzama, kafunikwa shela, wanawake wamemzunguka, na vigelegele vilikuwa vingi mno hata sauti ya kwanza ya mlima hatukuitambua. Ilikuwa kama mtu anayeburuta kabati kwenye sakafu ya juu. Vigelegele vikakatika kimoja kimoja.

Mbogoi ukashuka. Haukuruka wala kupasuka. Uliteleza wote kwa pamoja, na miti yake imesimama juu yake, mpaka ukafika kwenye paa la imamu na kuendelea. Paa la Shebila likafuata. Nyumba ya Hoza. Mafiga tuliyoyaacha asubuhi. Ulipotulia hapakuwa na Kwemzizi, palikuwa na udongo mwekundu wenye mvuke.

Nilikimbilia barazani bila kufikiri. Sheria yangu: ukishaanguka, bonyeza. Nikaushika mlango wa mninga niuondoe.

"Mwajabu," Daktari aliita nyuma yangu. "Tangu asubuhi umesikia kengele ya pili?"

"Hapana."

"Basi hutabonyeza."

"Na nikibonyeza?"

"Sijui. Wallahi sijui," alisema Mpare yule Mlutheri. "Ila geuka kwanza utazame."

Nikageuka. Nikawaita nyumba kwa nyumba, kwa sauti, na kila nyumba ikaitika. Imamu na wajukuu zake. Bibi wa kiti cha plastiki. Wapiga ngoma. Hoza alikuwa amemkumbatia mkewe mbele za watu, na hakuna aliyemkemea. Walikuwa wanalia, wengine wameketi chini mikono kichwani, kwa nyumba na mbuzi na maharage yao. Lakini hakuna aliyekosekana. Nikajiuliza kama nikibonyeza ningekuwa namwonya nani, na nikaona hakuna. Nikauachia mlango, ukarudi kukaa pale pale juu ya kitufe.

Baadaye, watu wakigawana mablanketi, Daktari alikaa karibu yangu na chai yake chungu.

"Kengele isingelia asubuhi," alisema, "saa hizi tungekuwa wapi?"

"Chini. Kwa Hoza."

"Wewe?"

"Mimi, wewe, wote. Ulikuwa umeshapiga pasi shati."

"Basi nani angekuwepo wa kubonyeza?"

Nilichelewa kumwelewa. Kisha nikaelewa. Kengele ya haki, ile niliyoiandikia sheria, isingepata mkono wa kuipiga. Jioni ile isingekuwa na mtu. Mlio pekee ambao asubuhi ingeweza kuusikia ni ule wa mtu aliyekuwa hai mwambani akitafuta kuitikiwa hodi.

"Unataka kuniambia shangazi ndiye aliyetuokoa?"

"Sijui nani alianza," alisema. "Nimekwambia halina mwanzo. Mimi nimeridhika tu kwamba tumo ndani yake."

*

Mvua zilipokwisha, kijiji kilipewa viwanja nyuma ya kituo, juu ya mwamba. Hina ya mguu wangu ilikuwa bado haijafutika. Siku moja asubuhi nilikwenda na shangazi kuwaona watu wanaojenga, naye akiwa amebeba sinia, maana hajui kutembelea mtu mikono mitupu.

Mzee Shebila alikuwa bado hajainua ukuta wowote. Alikuwa amesimamisha mlango. Fremu mpya, bawaba mpya, mlango wa mninga katikati ya majani, na nyuma yake yeye ameketi juu ya ndoo anatengeneza jembe. Kulia kwa mlango palikuwa wazi. Kushoto palikuwa wazi. Tulikuwa tunamwona kuanzia kofia mpaka ndala, naye anatuona.

Nilitaka kupita pembeni. Shangazi akanishika mkono.

"Piga wewe," alisema. "Wewe ndiye mwenye kesi."

Nikasimama mbele ya mlango ule kama mtoto aliyeitwa ofisini. "Hodi," nikasema.

Mzee Shebila akaendelea na jembe lake.

"Hodi."

"Ni nani huyo?" aliliuliza jembe.

"Mwajabu."

"Mwajabu yupi? Yule aliyesema mlima utaanguka, au yule aliyesema hautaanguka?"

"Wote wawili, mzee."

Akalipima jembe kwa kidole na kulitua chini. Shangazi alikuwa ananung'unika kwamba pilau linapoa. Niliita hodi ya tatu, na ilinitoka ndogo kuliko zile mbili.

Mzee Shebila aliinuka, akajipangusa suruali, akatembea mpaka mlangoni na kuuvuta. Bawaba zilikuwa mpya na hazikulia.

"Karibu," alisema. "Pangusa miguu."